Tulidai Seva Zifunguliwe, Sasa Tudai Mita

Makomredi, najua wengine mkiona mada ya leo mtataka kupita juu kwa juu. Leja za pamoja, moshi wa kompyuta, hesabu ya kaboni. Hayo ni mambo ya makongamano ya hotelini, si ya kijana anayetafuta kazi. Lakini nipeni dakika kumi tu. Kuna mipango mikubwa inakuja kwa jina la teknolojia na kwa jina la mazingira, na tusipojua kuuliza swali mapema, bili itatujia sisi na sifa wataenda nayo wengine.

Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Washington, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni 1, na kiini chake ni kituo cha data cha Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100. Lengo la mbele likatajwa kuwa gigawati 1, yaani megawati 1,000.

Hebu weka siasa kando kidogo ufanye hesabu. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya umeme ya nchi nzima kilipita megawati 2,300. Hapo nimeweka viwanda, hospitali, stima ya nyumba, kila kitu. Mradi mmoja, ukifika kimo hicho walichotaja, unadai umeme unaozidi thuluthi moja ya kilele chetu. Uwe utajengwa kesho, uchelewe miaka kumi, au uje mwingine wa jina tofauti, swali ni lile lile: tutajuaje kinachotumika kweli, na tutajuaje ni safi kweli?

Sisi si wa kwanza kukutana na swali hili. Shirika la kimataifa la nishati, IEA, linakadiria kwamba vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba ifikapo 2030 vinaweza kufika karibu 945. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni akili unde, hii mnaita AI. Ireland walianza na vituo vya data vinavyokula asilimia 5 ya umeme wao mwaka 2015. Kufikia 2023 vilikuwa vinakula asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini nchini humo. Hiyo ni nchi tajiri, yenye takwimu zinazochapishwa. Je, sisi?

Kijani cha karatasi

Tuanze na jinsi moshi wa kompyuta unavyohesabiwa. Mwaka 2024 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilikubali kanuni moja rahisi. Unachukua umeme uliotumiwa na kazi fulani ya kompyuta, unazidisha kwa uchafu wa umeme wa mahali pale, halafu unajumlisha sehemu ya moshi uliotoka wakati mashine zenyewe zinatengenezwa. Jumla hiyo unaigawa kwa kazi iliyofanyika. Ni kama kuhesabu moshi wa matatu: mafuta ya safari, pamoja na kipande cha gharama ya kuliunda gari, kisha ugawe kwa abiria.

Ujanja uko kwenye hicho kipimo cha pili, uchafu wa umeme. Mwongozo wa kimataifa wa GHG Protocol wa mwaka 2015 unaruhusu njia mbili. Ya kwanza inaangalia gridi ya mahali ulipo: kama gridi inachoma dizeli, nawe umechoma dizeli. Ya pili inaangalia mikataba na hati ulizonunua. Ukinunua hati za umeme safi za kutosha kufunika matumizi yako ya mwaka, unaandika kwamba umeme wako ni safi, hata kama usiku wa manane mashine zako zilikuwa zinavuta umeme wa makaa ya mawe.

Mfano mzuri ni Google, na nawapa heshima yao kwa sababu walichapisha wenyewe. Tangu 2017 kampuni hiyo inasema inanunua umeme safi wa kutosha kufunika asilimia 100 ya matumizi yake ya mwaka. Lakini ilipopima saa kwa saa, mahali kwa mahali, mwaka 2023 ilipata asilimia 64. Ni kampuni moja, mwaka mmoja, umeme ule ule. Karatasi ya mwaka ilisema 100, saa ikasema 64. Na moshi wake wote ulikuwa umepanda asilimia 48 tangu 2019.

Kama hesabu ya kampuni yenye wahandisi bora duniani ina pengo hilo, usiniambie "kituo cha kijani" halafu unitegemee nipige makofi bila kuuliza ni kijani cha saa ngapi.

Inanihusu nini mimi wa tokeni za mia mbili?

Inakuhusu sana. Ukinunua tokeni, angalia ule mchanganuo wa makato. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Hiyo ni pesa unayolipa kwa sababu kuna mitambo ya mafuta inayowashwa, na gharama yake inagawanywa kwa wateja. Mitambo hiyo inahitajika zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati jua limezama, watu wamerudi nyumbani na kila mtu amewasha kitu.

Sasa piga picha. Mteja mkubwa ana mkataba wa mvuke wa Olkaria, umeme safi na wa bei nafuu, mchana na usiku. Kama mvuke huo umetoka kwenye visima vipya alivyolipia yeye, sawa, hakuna aliyepunjwa. Lakini kama ni mvuke uliokuwa tayari unaingia kwenye gridi, basi ikifika saa moja jioni pengo aliloacha litajazwa na kitu kingine: umeme wa kuagiza nje, au dizeli. Yeye anaandika kwenye ripoti kwamba ni kijani. Wewe unaandikiwa mafuta kwenye tokeni. Moshi haujaondoka, makomredi, umebadilishwa jina la mwenyewe tu.

Kuna na hatari ya pili, ya kuuza kitu kimoja mara tatu. Miradi kadhaa ya Olkaria iliwahi kuandikishwa kwenye mpango wa CDM wa Umoja wa Mataifa ili kuuza hati za kaboni. Pembeni kuna soko la hati za umeme safi. Na sasa kuna kampuni za data zinazotaka kujiita kijani. Megawati-saa moja ya mvuke inaweza kuuzwa huku kama kaboni, kule kama hati, na kwingine kama sifa ya kituo cha data, kama hakuna daftari moja linaloonyesha kwamba hiyo imeshatumika. Shamba moja linauzwa kwa watu watatu, kila mmoja na title yake. Hiyo Wakenya tunaijua bila kufundishwa.

Na walioumia Olkaria tunawajua. Mwaka 2014 jamii za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inasema jamii inayoguzwa na mradi wa kaboni ipewe sehemu ya mapato: asilimia 40 kwa miradi ya ardhi, 25 kwa mingine. Vizuri. Lakini asilimia 25 ya nini? Ya hesabu ambayo mzee wa pale hawezi kuisoma wala kuipinga?

Leja ni fomu 34A

Hapa ndipo leja ya pamoja inaingia. Watu wengi wakisikia blokicheni wanakumbuka sarafu za mtandaoni, au ile foleni ya KICC ya Julai na Agosti 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin. Nawaelewa. Lakini teknolojia yenyewe ni kitu rahisi kuliko kelele zake, na sisi wa siasa tunaweza kuielewa haraka kuliko watu wa Silicon Valley.

Mwaka 2022 nilikuwa ajenti wa chama kwenye kituo cha kupigia kura. Kura zikishahesabiwa, matokeo yanaandikwa kwenye fomu 34A. Maajenti tunatia sahihi, kila mmoja anabaki na nakala, nyingine inabandikwa mlangoni. Tume ikaweka picha za fomu kutoka vituo 46,229 kwenye mtandao, na mtu yeyote mwenye bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Matokeo ya mwisho tunaweza kubishana nayo hadi kesho, na tutabishana. Lakini angalia muundo: nakala nyingi, mikononi mwa watu wasioaminiana, zinazoweza kulinganishwa.

Leja ya pamoja ni hiyo hiyo, kwa kompyuta. Badala ya daftari moja kwenye ofisi moja, kuna nakala kwa kila mshirika. Kila ukurasa mpya unabeba muhuri uliotokana na ukurasa uliotangulia. Ukibadilisha tarakimu moja ya wiki iliyopita, mihuri yote iliyofuata inakataa, na wenzako wenye nakala wanakuona. Haizuii mtu kutaka kuiba. Inamzuia kuiba kimyakimya baadaye.

Kumbukeni mwaka 2017 tulivyopiga kelele seva zifunguliwe. Mahakama ya Juu iliamuru wataalamu waruhusiwe kuziangalia, tume haikutii kikamilifu, na Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Shida ya seva ni kwamba ni moja na mwenye funguo ni mmoja. Ukifika umechelewa, unabembeleza. Tofauti ya leja ni kwamba hubembelezi mtu, maana nakala unayo tayari.

Lakini leja haioni uongo

Sasa nageuka upande wa pili, kwa sababu sitaki tuwe wapiga debe wa wauza programu. Fomu 34A ikijazwa uongo kituoni, ukiipakia mtandaoni itabaki uongo ule ule, ila sasa ni uongo wenye picha safi. Leja ni hivyo hivyo. Inalinda kilichoandikwa. Haijui kama kilichoandikwa ni kweli.

Na hili si la kufikirika. Kuanzia Oktoba 2021, kampuni iitwayo Toucan ilianza kuhamisha hati za kaboni kwenye blokicheni. Mamilioni ya tani yalihamishwa kwa miezi michache. Kila muamala ulikuwa wazi, kila muhuri ulikuwa sawa. Watafiti walipofungua waliona nyingi zilikuwa hati za miradi ya zamani, ambayo wanunuzi wa kawaida walikuwa wameshaipa mgongo. Mei 2022 msajili wa hati hizo, Verra, akapiga marufuku mtindo ule. Leja ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila ilikuwa inalinda takataka.

Kwa hiyo mapambano yetu ya kwanza hayako kwenye leja. Yako kwenye mita. Nani anaifunga, nani anaipima kama ni sahihi, nani ana ufunguo wa kile kiboksi, na je, inaandika kila saa au inasubiri mhasibu mwisho wa mwaka? Mita ni kituo cha kura, na mahali pasipo na ajenti hata leja ya dhahabu haitatusaidia.

Kuna wengine watauliza: si leja yenyewe inakula umeme? Inategemea. Bitcoin inakula sana kwa sababu mashine zinashindana kukisia namba, na anayeshinda ndiye anaandika ukurasa. Lakini si lazima iwe hivyo. Septemba 15, 2022 Ethereum iliacha mtindo huo na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Na leja ya washirika wachache wanaojulikana haihitaji mashindano yoyote. Kompyuta za kawaida zinatosha. Mtu akikuletea leja ya kuhesabu moshi ambayo yenyewe ina migodi ya kompyuta, mwonyeshe mlango.

Na akikuletea leja ambayo nakala zote ziko kwa kampuni moja au wizara moja, mwonyeshe mlango huo huo. Hiyo ni seva ya zamani imevaa suti. Kama mwenye deni ndiye anashika daftari la duka, mwenye duka ameshapoteza pesa.

Tunachopaswa kudai

Ningependa chama chetu kiingize haya kwenye sera yake, na wabunge wetu wayapeleke kwenye kamati ya nishati:

1. Kila kituo cha data kinachozidi kiasi fulani cha umeme kiwe na mita iliyofungwa na kukaguliwa na mamlaka huru, si na mwenye kituo. Ulaya tayari wanavitaka vituo vya kuanzia kilowati 500 viripoti matumizi yao ya umeme na maji. Kwa nini sisi tuone aibu kuuliza?

2. Matumizi na chanzo cha umeme viandikwe saa kwa saa. Hesabu ya mwaka ndiyo inayozaa kijani cha karatasi. Majenereta ya dharura ya kituo nayo yahesabiwe.

3. Rekodi hizo ziingie kwenye leja ambayo nakala zake ziko kwa watu wenye maslahi tofauti: mdhibiti wa nishati EPRA, NEMA, kaunti ya Nakuru, chuo kikuu cha umma, na shirika litakalochaguliwa na wakazi wenyewe. Wananchi tuwe na haki ya kusoma bila kuomba ruhusa.

4. Megawati-saa ikishatumiwa kudai usafi mara moja, ifungwe. Kanuni za masoko ya kaboni za 2024 zinazungumzia sajili ya taifa. Sajili hiyo izungumze na leja ya umeme, ili hati moja isiuzwe huku na huku.

5. Mikataba ya umeme ya wateja wakubwa iwekwe hadharani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali. Bila mkataba hatuwezi kujua kama visima ni vipya au ni vile vile tulivyolipia kwa kodi na mikopo.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: mnafukuza wawekezaji. Hapana. Mwekezaji ambaye umeme wake ni safi kweli anapata kitu ambacho wenzake hawana, ushahidi wa saa kwa saa ambao mteja wa Berlin au London anaweza kuukagua. Kenya yenye mvuke ina sababu ya kupenda hesabu kali kuliko nchi yenye makaa ya mawe. Anayekimbia mita alikuwa na lake.

La pili: siri za biashara. Hatutaki kujua ni nani anafundisha AI yake mle ndani wala anaifundisha nini. Tunataka jumla ya umeme ya kila saa na chanzo chake. Kuna njia za kihesabu za kuthibitisha jumla bila kufunua kilichomo, na hata bila hizo, jumla ya saa haifichui mteja.

La tatu, na hili ndilo la maana zaidi, linatoka kwa wenzetu: si daftari la kawaida la kompyuta lingetosha? Lingetosha, kama tungekuwa tunaaminiana. Benki haiihitaji leja ya pamoja kuhesabu pesa zake yenyewe. Lakini hapa kuna kampuni ya kigeni, serikali, kampuni ya umeme, kaunti na jamii iliyowahi kuhamishwa. Hakuna anayemwamini mwenzake, na kila mmoja ana sababu. Hiyo ndiyo hali pekee ambapo leja ya pamoja inastahili gharama yake. Kama kesho tutapata taasisi moja ambayo wote hao wanaiamini, nitakuwa wa kwanza kusema tuachane na leja tutumie daftari.

Mwisho, neno kwa makomredi wanaosoma kompyuta, umeme na uhasibu. Chama kina wanasheria wa kutosha na wasemaji kupita kiasi. Tunakosa watu wanaoweza kukaa na rekodi ya saa 8,760 za mwaka na kuonyesha kwa kidole saa ambayo hesabu haikubali. Mwaka 2017 tulidai seva zifunguliwe, tukagundua kwamba hata zikifunguliwa tuna watu wachache wa kuzisoma. Anzeni sasa. Jifunzeni kusoma ripoti za EPRA za kila nusu mwaka. Jifunzeni mchanganuo wa tokeni yako mwenyewe, halafu mfundishe mama na jirani.

Kituo cha kwanza kikubwa kikiwashwa bila mita iliyo wazi, cha pili na cha tatu vitafuata mtindo huo huo, na kila mmoja atatuambia "ndivyo inavyofanyika hapa". Wakati wa kuweka ajenti kituoni ni kabla ya kura ya kwanza kuingia kwenye sanduku.

Mapambano yanaendelea.